Mita inayosoma saa kwa saa: nimeitumia miezi minne

Kabla mamlaka ya udhibiti haijapitisha bei zinazopanda na kushuka kulingana na saa, nilitaka kujua nyumbani ni nini hasa kinakula umeme. Mita hii imenionyesha. Hita ya maji ya kilowati 2 nikiiwasha nusu saa, uniti 1 nzima imekwenda. Friji yangu usiku kucha haifiki hapo! Siku hizi maji nayachemsha alfajiri, nijizoeze kabla bei hizo hazijaanza. Kioo cha mita ni kidogo mno, mama hukisomea kwa tochi. Kinachoniuma ni kwamba kampuni iliyoifunga imekataa kunipa takwimu zangu mwenyewe. Kanuni mpya bado zinaandikwa, na kwenye kikao cha maoni ya wananchi nitalisema hilo.