Kuchoma DVD ya harusi Kisumu: nimelipa mara tatu, nikapata moja

Mama yangu hakuiona harusi ya binti yake. Alikuwepo, tena ilikuwa nyumbani kwake Vihiga, mwendo mfupi tu kutoka lami ya Mbale. Lakini tangu saa kumi na moja alfajiri alikuwa jikoni anahesabu sufuria, na mchungaji alipokuwa anafungisha ndoa, yeye alikuwa nyuma ya hema anagombana na mtu wa kuku. Alikuwa amelipa kuku ishirini na watano. Anaapa hadi leo kwamba walioletwa hawakufika idadi hiyo.

Basi mpiga video alipotukabidhi flashi, Mama aliniambia neno moja: "Niwekee kwa deki, mwanangu. Nataka nione mdogo wako akinipigia magoti na keki. Siku ile macho yalikuwa yamejaa moshi."

Najua mtaniuliza kwa nini nisimnunulie televisheni ya kisasa yenye intaneti. Nimeshamwambia. Hataki. Televisheni yake ni ya mgongo mkubwa, na analogi ilipozimwa mwaka 2015 tulichofanya ni kumwekea king'amuzi juu yake na kufunika kitambaa. Deki ni ile nzito ambayo trei yake hutoka kama ulimi wa mtoto anayepimwa na daktari. Rimoti yake anaijua gizani. Simu anaiona ndogo, na akina mama wenzake wa kanisani wakija watano hawawezi kuinamia simu moja. Kwa hiyo tunazungumzia diski, na kama una mzazi kijijini unajua sizungumzi habari za zamani.

Deki ina tundu la flashi mbele. Nilichomeka, ikafikiri, ikaandika kwamba faili haitambuliki. Baadaye nikaelezwa sababu: video ya siku hizi ni MP4 iliyofungwa kwa mtindo wa H.264, na simu mpya zinafunga hata kwa H.265. Deki ya rika lile inaelewa MPEG-2 na AVI za kizamani, basi. Ni kama kumpa nyanya yako barua ya Kifaransa. Karatasi ataiona, ila kusoma hapana.

Nilirudi Kisumu na flashi yangu. Mimi nauza mitumba Kibuye, sina siku ya kuzurura, kwa hiyo niliingia duka la kwanza nililoona katikati ya mji limeandika kwamba wanachoma CD na DVD. Sitalitaja. Kijana akachukua flashi, akaniomba shilingi 300, akaniambia nizunguke kidogo. Baada ya dakika ishirini diski ilikuwa tayari, bado ina joto. Akaichezesha kwenye kompyuta yake mbele yangu, nikamwona dada yangu amevaa shela, nikafurahi kama mjinga.

Ningekuwa nanunua bel ya nguo ningeshtuka. Video ya saa mbili na dakika kumi, kompyuta yenyewe inahema kama punda wa mchanga, halafu kazi imekwisha kabla sijamaliza chai? Kijana hakubadilisha chochote. Alichukua ile MP4 akaivuta tu kwenye diski tupu. Kompyuta yoyote itaicheza. Deki ya Mama ilizungusha, ikakwaruza, ikaandika NO DISC. Nauli ya kupanda Kiboswa, Majengo hadi Mbale, kwenda na kurudi, kwa ajili ya maneno mawili.

Hili ndilo jambo ninalotaka ulishike hata kama hutasoma zaidi. Diski ya sinema na diski ya mafaili zinafanana kwa macho. Iweke kwenye kompyuta, uifungue kama unavyofungua flashi. Ukikuta folda imeandikwa VIDEO_TS, na ndani mna mafaili yanayoishia VOB, IFO na BUP, hiyo ni DVD ya deki. Ukikuta MP4 imekaa peke yake kama mgeni asiyekaribishwa, umeuziwa flashi yenye umbo la sahani.

Niliwarudia. Safari hii nikasema wazi: nataka inayocheza kwa deki, na mniwekee pia video kumi na nne za simu ambazo binamu zangu walipiga. Jumla ikawa kama saa tatu. Shilingi 300 nyingine, maana "hiyo ni kazi tofauti, anti." Ikacheza, kweli. Lakini ilivyocheza! Wacheza ngoma walipoanza kurusha mabega, picha ilivunjika vijisanduku, mabega yakabaki hewani na watu wameshaondoka. Kwenye video za simu, mchungaji anafumba mdomo ndipo "Amina" inatoka. Na watu wote walikuwa warefu, wembamba, kama wamevutwa kwa juu. Mama akauliza kama bwana harusi ni mgonjwa.

Niliporudi kulalamika, kijana akanijibu, "Anti, hiyo ni deki yako imezeeka." Nilimtolea maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Baadaye, kama mtakavyoona, nilikuja kugundua kwamba kwa lile la watu wembamba alikuwa na haki nusu. Kwa mengine hana.

Jirani yangu wa viatu ndiye aliyenielekeza kwa fundi mmoja aliye na kibanda kidogo si mbali na soko letu, kati ya muuza vifuniko vya simu na mama wa chapati. Hapana ubao wa maana. Kilichonivutia ni kilichokuwa chini ya kaunta: deki kuukuu na televisheni ndogo ya mgongo, zote zimewashwa. Alipoona naziangalia akasema, "Hizo ndizo wateja wangu. Wewe ni mjumbe tu."

Aliniuliza mambo ambayo duka la kwanza halikuuliza hata moja. Deki ina umri gani? Televisheni ni bapa au ya mgongo? Za simu zilipigwa wima au simu ikiwa imelala? Kisha akachukua kipande cha boksi akanipigia hesabu, na hesabu naielewa. DVD ya kawaida inabeba GB 4.7. Ukiipa saa moja ya video, kila sekunde inapata chakula tele, hadi karibu na ule ukomo wa megabiti 9.8 kwa sekunde ambao picha ya DVD hairuhusiwi kuuvuka. Ukiipa saa mbili, inakula kiasi. Ukiipa saa tatu kama nilivyofanyiwa, sekunde moja inabaki na megabiti tatu na nusu hivi, pamoja na sauti. Ugali wa watatu umegawiwa kumi. Mtu akisimama tuli kwenye picha hutaona njaa hiyo. Akianza kucheza ngoma, inaonekana. "Tuzigawe diski mbili, saa moja na nusu kila moja," akasema, "utapata mara mbili ya ile." Na za simu akaelezea kwamba simu haishiki mwendo mmoja, mara inapiga picha thelathini kwa sekunde, mara inapungua kukiwa na giza, ndiyo maana sauti inaachwa nyuma. Hizo lazima kwanza zinyooshwe.

Nilikaa kwenye kiti chake cha plastiki kama saa moja nikitazama, kwa sababu nilikuwa nimeshaumwa na nyoka. Alizipitisha video za simu kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha video, akachagua mwendo usiobadilika wa picha 25 kwa sekunde, ule wa PAL, mfumo wa televisheni tunaoutumia huku. Akanionya kwamba HandBrake haichomi diski, wengi hukwama hapo wakidhani wamemaliza. Kisha akaingia DVDStyler, akapanga vipande, akatengeneza menyu, akachagua 16:9, yaani picha pana. Zile zilizopigwa wima aliziacha na nguzo nyeusi pande mbili badala ya kuzitanua. Vitufe vya menyu alivisogeza ndani kidogo kwa sababu televisheni ya mgongo hula kingo za picha. Mwisho ndio ImgBurn, kazi yake kuchoma tu, na akaiwekea mwendo wa 4 wakati diski ilikuwa imeandikwa 16. Programu zote tatu ni za bure. Mwanangu wa kidato cha tatu amejaribu DVDStyler nyumbani kwenye laptopu yetu na imekubali, ila ilianza tukila chakula cha jioni ikamaliza tumelala.

Sikungoja hadi mwisho. Niliacha flashi jioni, nikarudi kesho yake mchana. Usiku stima ilipotea katikati ya kuchoma na diski moja ikaharibika. Alinionyesha, kisha akaitupa kwenye debe na hakunidai. Bei ilikuwa shilingi 800 kwa diski mbili na kifuko. Ni ghali kuliko kule mjini, ukihesabu bila nauli.

Kabla sijatoa pesa alizitia zote mbili kwenye ile deki ya chini ya kaunta na kunipa rimoti. Ruka mbele, rudi nyuma, menyu, simamisha. Sisi wa mitumba tuna kamera na tuna fagia. Kamera ni ile nguo ya kwanza kuchaguliwa bel ikifunguliwa, fagia ni kinachobaki chini. Hii ilikuwa kamera.

Hapo hapo ndipo nilipojua habari ya watu wembamba. Nilimwonyesha ile diski ya duka la kwanza, akaitia, na watu wakatoka na maumbo yao ya kawaida. Deki ya Mama ndiyo iliyokuwa imewekwa 16:9 kwenye mipangilio, nayo televisheni yake ni 4:3, ile ya umbo la karibu mraba. Akaniandikia kwenye kile kipande cha boksi: bonyeza SETUP, tafuta TV, chagua 4:3 LB, ile inayoacha ukanda mweusi juu na chini. Sekunde kumi. Nimeishi na deki ile miaka yote na sijawahi kufungua ukurasa huo.

Sasa lawama zake, maana nazo zipo. Menyu ameijaza mawaridi mekundu yanayozunguka na kinanda kisichoisha. Ukichelewa kubonyeza unaweza kupata kizunguzungu. Jina la shemeji yangu amelikosea herufi, na nilikuwa nimeliandika kwa kalamu. Simu hapokei kabisa, ukimtaka nenda mwenyewe. Alitaka pia kunibandikia karatasi yenye picha ya maharusi juu ya diski, nikakataa: karatasi hujikunja kwa joto, ikiachia gundi ndani ya deki ya Mama nitahamia kwa nani? Aliandika kwa kalamu ya wino wa diski, "1" na "2", inatosha. Nampa nyota nne. Ya tano ameila na yale mawaridi.

Duka la kwanza nyota moja, kwa sababu walinikaribisha vizuri.

Jumapili nilipanda Mbale. Nikabadilisha 4:3 LB kama nilivyoandikiwa, nikatia diski ya kwanza, Mama akachukua rimoti akaninyang'anya na kiti. Akina mama wanne wa kanisani walikuwa wameshafika na leso zao. Dada yangu alipopiga magoti na sahani ya keki wakapiga vigelegele kama ndiyo kwanza inatokea. Nikamwangalia Mama nikitarajia machozi. Alikuwa amesimamisha picha, ameinuka, amesogea hadi pua inakaribia kugusa kioo. Nyuma ya bega la bibi harusi, kwenye pengo la hema, mtu wa kuku alikuwa anashusha tenga, na vichwa vya kuku vimechomoza wazi, kimoja kimoja.

"Ishirini na wawili," Mama akasema. "Leteni simu."