Tathmini ya Ponazurili: Siku 28 za Kumtibu Farasi Mwenye EPM

Ponazurili iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 2001, ikawa dawa ya kwanza kuruhusiwa rasmi kutibu EPM, ugonjwa wa vimelea vinavyoshambulia ubongo na uti wa mgongo wa farasi. Mara nyingi kimelea chenyewe ni Sarcocystis neurona, ambacho farasi hukimeza pamoja na malisho au maji yaliyochafuliwa na kinyesi cha oposamu, mnyama mdogo wa porini wa Amerika.

Farasi wangu jike alianza kuburuta ukwato wa nyuma wa kushoto na kuyumba kila alipozungushwa katika duara dogo, huku misuli ya tako la upande huo ikisinyaa. Udhaifu ulioelemea upande mmoja ndio uliomfanya daktari wa mifugo ashuku EPM, lakini hakukubali kutegemea kipimo cha damu peke yake, kwa kuwa farasi wengi wa Marekani wana kingamwili za kimelea hiki na hawaugui kamwe. Alichukua pia maji ya uti wa mgongo, akalinganisha kingamwili zilizomo na zile za kwenye damu. Naisisitiza hatua hii kwa moyo wote: dawa hii haiwezi kumsaidia farasi anayeyumba kwa sababu pingili za shingo zimebana uti wake.

Dawa ni uji mzito ndani ya bomba lenye pete ya kuweka kipimo kwa uzito wa mnyama. Hutolewa mdomoni mara moja kwa siku kwa siku 28: siku ya kwanza miligramu 15 kwa kila kilo ya mwili, kisha miligramu 5 kwa kilo kila siku, na kwa kipimo hicho cha miligramu 5 bomba moja humtosha farasi wa kilo 540 hivi kwa siku saba. Mdomo ukiwa na majani, sehemu ya dawa hutemwa, kwa hiyo nilimsuuza kwanza. Kwa ushauri wa daktari nilimpa na mafuta ya mahindi, kwa sababu mafuta huongeza kiasi cha dawa kinachoingia mwilini.

Wiki mbili za kwanza sikuona badiliko lolote, na nilihuzunika sana. Katika wiki ya tatu aligeuka bila kujikwaa. Dawa huzuia vimelea kuongezeka, ila haifufui neva zilizokwisha kufa. Katika majaribio, takriban asilimia 60 ya farasi walionyesha nafuu.

Gharama ni kubwa, na wengi huvutiwa na michanganyiko ya bei nafuu isiyoidhinishwa. Siipendekezi. Mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo baada ya farasi kufa Florida na Kentucky kwa mchanganyiko kama huo, wa dawa mbili ziitwazo toltrazurili na pirimethamini.

Wangu sasa anatembea malishoni kwa uthabiti, ingawa tako la kushoto bado ni jembamba, na sijamrudishia tandiko.