Agrax Earthshade: rangi ya kivuli kwa sanamu ndogo za kifantasia

Agrax Earthshade, rangi ya kivuli ya kahawia kutoka kampuni ya Games Workshop ya Nottingham, Uingereza, ni nyepesi kama chai ya rangi, na kwa sababu hiyo hutiririka yenyewe hadi kwenye mikunjo ya joho na mianya ya deraya, huku sehemu zilizoinuka zikibaki na rangi angavu zaidi. Ikipakwa juu ya kijani kilichofifia au rangi ya mfupa, askari huonekana kweli ametoka matopeni. Kwenye ngao bapa hutuama na kukauka kwa madoa yenye kingo, hivyo ziada ifyonzwe mapema kwa brashi yenye unyevu. Kwa chuma ningechagua Nuln Oil, rangi nyingine ya kivuli ya kampuni hiyo, iliyo nyeusi. Usoni naizimua Agrax kwanza kwa Lahmian Medium, kimiminika cha kuzimulia rangi, la sivyo hata mfalme huonekana hajanawa.