Nyaraka za Agora ya Athens mtandaoni: nimezitumia, nazikubali sana

Aisee kama unasoma akiolojia ya Ugiriki na nauli ya kwenda Athens huna, ingia kwenye nyaraka za uchimbaji wa Agora (uwanja wa soko na mikutano wa Athens ya kale), za ile shule ya Wamarekani iliyopo Athens tangu 1881. Bure kabisa, hulipii hata senti. Wanachimba pale tangu 1931, na daftari za wachimbaji wamezipiga picha ukurasa kwa ukurasa, unaona mwandiko, vipimo, mchoro wa chungu pembeni, kila kitu na namba yake.

Mi nilianza na ostraka, vile vigae ambavyo Waathene wa kale waliandikia jina la mtu wanayetaka afukuzwe mjini miaka 10. Kuna karibu 190 vyenye jina la Themistokles, mwanasiasa wa Athens, vilitolewa kisimani kwenye mteremko wa Akropoli, wataalamu walipoangalia herufi wakakuta miandiko 14 tu, yani kura ziliandaliwa kabisa wapewe watu! Nilivuta picha moja hadi nikaona ncha iliyochora herufi ilivyokwaruza rangi nyeusi ya kigae, nikakaa kimya kidogo.

Kiingereza kinahitajika, na bando la kutosha maana picha ni kubwa. Kwa tasnifu ya digrii ya kwanza data ipo tele. Nyota tano.