TAHADHARI: Kurasa za "elimu ya mzio" zinazouza vipimo visivyopima mzio

Ndugu zangu, hasa wazazi wenye watoto wanaosumbuliwa na mzio, someni hii kabla hamjatuma hela popote. Kuna wauzaji waliojificha nyuma ya kurasa zinazojiita za elimu ya mzio. Ukitafuta mtandaoni kwa nini mtoto anatoka vipele au anaumwa tumbo kila akila, mara nyingi hao ndio wanaojitokeza juu kabisa, kwa sababu wamelipia tangazo. Makala zao ni ndefu, picha ya mtu mwenye koti jeupe ipo, na sehemu kubwa ya maelezo ni ya kweli kabisa. Ndiyo maana wanawapata hata watu makini. Unasoma mambo unayoyajua, unaona hawajakosea, basi ukifika kwenye uongo hushtuki tena.

Mdogo wangu amenaswa na mmoja wao. Mwanawe ana ukurutu wa muda mrefu. Alijaza dodoso lao: je, mtoto huchoka? Tumbo hujaa gesi? Halali vizuri? Hatulii darasani? Niambieni ni mtoto gani atakosa hata moja kati ya hayo. Jibu likaja papo hapo kwamba mtoto ana "mzio uliojificha", na mama akaelekezwa kununua kipimo cha nyumbani: unamtoboa mtoto kidole, unadondosha damu kwenye karatasi, unatuma. Ikarudi ripoti nzuri ya rangi tatu, nyekundu, njano na kijani. Kwenye nyekundu kulikuwa na maziwa, mayai, ngano na orodha ndefu ya vingine, vyote vyakula ambavyo mtoto alikuwa anavila bila shida tangu aanze kula. Mwishoni mwa ripoti kulikuwa na vidonge vya "kusafisha utumbo", vinauzwa na haohao, na ushauri wa kupima upya baada ya muda. Mtoto akaachishwa karibu kila kitu. Akapungua uzito, ukurutu haukuondoka. Mama alipouliza maswali alijibiwa kwa upole sana. Alipodai hela yake, wakamzuia.

Sasa kuhusu kipimo chenyewe, maana hapa ndipo kwenye kiini cha utapeli. Mzio wa chakula unaoweza kumvimbisha mtu koo na kumuua kwa muda mfupi kwa kawaida huendeshwa na kingamwili iitwayo IgE. Iligunduliwa katika miaka ya 1960 na makundi mawili ya watafiti, Kimishige na Teruko Ishizaka huko Marekani, na Johansson na Bennich huko Sweden. Hiyo ndiyo inayotafutwa hospitalini, kwa kudondosha dondoo ya chakula kwenye ngozi na kuichoma kidogo, au kwa kupima damu. Wauzaji hawa hawapimi IgE. Wanapima IgG, ambayo mwili huitengeneza dhidi ya vyakula kwa sababu tu umevila. Anayekunywa maziwa kila siku ni kawaida kabisa kukutwa na IgG ya maziwa, na wala hana tatizo nayo. Kwa hiyo ripoti ile kwa kiasi kikubwa inakuorodheshea vyakula unavyovila mara kwa mara, kisha inakutisha navyo.

Jambo hili halina ubishi miongoni mwa mabingwa wa mzio. Jumuiya ya Ulaya ya wataalamu wa mzio na kinga, EAACI, ilitoa tamko mwaka 2008 kwamba kipimo cha IgG4, ambayo ni aina mojawapo ya IgG, kisitumike kutafuta mzio wa chakula. Wenzao wa Marekani, AAAAI, waliliunga mkono mwaka 2010, na chama cha Kanada kikasema vivyo hivyo mwaka 2012. Wauzaji wanalijua hilo. Ndiyo maana siku hizi wameacha kuandika "mzio", wanaandika "unyeti wa chakula" au "kutopatana na chakula", ili wakibanwa waseme hawakuwahi kukuahidi kipimo cha mzio.

Mimi nyekundu hainitishi kama kijani. Mtoto mwenye mzio wa kweli wa karanga, ambaye haziguswi kabisa nyumbani kwao, anaweza kabisa kupata kijani kwenye karanga, kwa kuwa IgG yake ni ndogo. Mzazi akiiamini ile rangi, anampa. Hakuna ripoti ya barua pepe itakayomsaidia mtoto huyo pale midomo itakapoanza kuvimba.

Vipimo vya unywele, vya kushika chupa huku mtu anakusukuma mkono aone kama una nguvu, na vya mashine inayopitisha umeme mdogo kwenye ngozi, vyote viko kwenye fungu hilohilo. Havitambui mzio. Na hata kipimo sahihi cha IgE peke yake hakitoshi, kwa sababu wapo watu wengi ambao damu inasema ndiyo na chakula wanakila salama. Daktari analinganisha majibu na historia ya mgonjwa: alikula nini, kiasi gani, baada ya muda gani kikatokea nini. Ikibidi, mgonjwa anakula chakula hicho kidogokidogo chini ya uangalizi, dawa za dharura zikiwa karibu. Kipimo kinachotumwa kwa posta, bila mtu hata mmoja kukuuliza maswali hayo, kitajuaje?

Kuna na krimu. Jihadharini sana na krimu ya ukurutu inayonadiwa kuwa ni ya mitishamba mitupu na inayofuta ukurutu kwa siku mbili. Maabara za nchi mbalimbali zimezipima krimu za namna hiyo na kukuta ndani yake steroidi kali, kama klobetasoli, ambayo haikutajwa popote kwenye kopo. Steroidi ina kazi yake mkononi mwa daktari. Ikipakwa usoni kwa mtoto miezi kadhaa bila mtu kujua, inaifanya ngozi iwe nyembamba, na siku ukiiacha ukurutu unaweza kurudi kwa hasira.

Akitokea anayekuahidi kuumaliza mzio moja kwa moja kwa chupa moja, mpime kwa hili: tiba ya kuuzoesha mwili ipo tangu Leonard Noon alipochapisha majaribio yake ya sindano za chavua mwaka 1911, na mpaka leo, kwa chavua, vumbi au sumu ya nyuki, kwa kawaida huchukua miaka 3 hadi 5. Dawa ya sindano iitwayo omalizumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2024 kwa mzio wa chakula, inapunguza hatari mtu akila kwa bahati mbaya tu, na anayeitumia bado anatakiwa kukiepuka chakula chake. Na yeyote anayekwambia uweke kando sindano ya adrenalini ukianza dawa zake, mfute hapohapo. Adrenalini, inayochomwa kwenye paja upande wa nje, ndiyo dawa ya kwanza mtu anapobanwa pumzi au kuishiwa nguvu kwa mzio. Vidonge vya kuzuia muwasho havifungui koo wala havipandishi presha iliyoshuka.

Msidanganywe na mihuri pia. Muhuri wa HON, uliokuwa ukiwekwa kwenye tovuti za afya zilizokaguliwa, ulitolewa na taasisi ya Geneva iliyofunga shughuli zake mwaka 2022, kwa hiyo muhuri huo leo hauthibitishi kwamba kuna mtu anayeikagua tovuti. Maneno "imesajiliwa FDA", yaani mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, nayo yanaweza kumaanisha kampuni imejiorodhesha tu. FDA haitoi cheti cha usajili, na kusajiliwa si kuidhinishwa.

Mnaotafuta maelezo ya kutegemewa, anzeni kwa kuuliza ukurasa huo unauza nini. Kurasa za umma za AAAAI, za chama cha Australia ASCIA, za NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, na za MedlinePlus, tovuti ya maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani, hazikuuzii kipimo. Muuzaji akitaja utafiti, utafuteni kwenye PubMed, orodha ya mtandaoni ya tafiti za tiba, ni bure, muone kama upo na kama unasema anachodai. Halafu angalieni tarehe, hata kwenye kurasa za watu waaminifu. Mwaka 2000 madaktari wa watoto wa Marekani walishauri watoto walio katika hatari ya mzio wasipewe karanga kabla ya miaka 3. Ushauri huo uliachwa mwaka 2008, na mwaka 2015 utafiti wa LEAP, uliofanywa kwa watoto 640, ukaonyesha kinyume chake: waliozianza mapema walipata mzio wa karanga mara chache zaidi. Kurasa zenye ushauri wa zamani bado zinasambazwa. Mtoto mchanga mwenye ukurutu mkali au mzio wa mayai aonwe na daktari kwanza, asianzishiwe karanga kwa kusoma tu.

Kama umeshalipa, hifadhi mazungumzo yote, risiti na picha ya tangazo kabla hawajalifuta, kisha peleka malalamiko kwa kampuni uliyolipia kupitia kwake na kwa mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya nchi yako. Krimu usiitupe, ipeleke kwa daktari au mfamasia na umwambie imepakwa kwa muda gani, na usiikatishe ghafla kabla ya kumuuliza. Na kama mtoto ameshaachishwa vyakula, usimrudishie vyote kwa mkupuo. Nenda na ile ripoti kliniki, mwambie daktari alikuwa anakula nini na ameacha tangu lini. Chakula chochote kilichowahi kumvimbisha, kumtapisha au kumbana kifua kisirudishwe nyumbani kabisa, kijaribiwe hospitalini.