Vidonge au klorini ya maji? Tathmini kwa bwawa la nyumbani la lita 48,000

Kwa bwawa la nyumbani linalotumika mwaka mzima hapa Dar es Salaam, klorini ya maji (ile ya kimiminika, ya kwenye dumu) ndiyo ya kazi ya kila siku, na vidonge vya klorini ni vya siku usizokuwepo. Wengi hufanya kinyume: ndoo ya vidonge ndiyo ya kila siku, dumu la klorini ya maji linakumbukwa bwawa likishageuka kijani. Kosa hilo mwezi wa kwanza halionekani. Linaonekana mwezi wa tatu, maji yanapoota mwani huku kipimo kikisema klorini ipo, na anayeitwa kusaidia anaongeza vidonge vingine.

Tuchukue bwawa la mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.5. Ni mita za ujazo 48. Kwa jua la Pwani na familia inayoogelea, bwawa la namna hii hula kati ya 2 na 3 ppm za klorini kwa siku (ppm moja ni gramu moja kwa kila mita ya ujazo). Tukishika 2.5, ni gramu 120 za klorini halisi kila siku. Hesabu zote hapa chini zinatokana na bwawa hilo. Lako likiwa nusu yake, gawa kwa mbili.

Kidonge kikubwa cha gramu 200, kile cha TCCA (aina ya klorini inayotengenezewa vidonge) kilichoandikwa asilimia 90, kina gramu 180 za klorini. Bwawa letu litataka kama vidonge vitano kwa wiki, 20 kwa mwezi, yaani kilo 4. Kama bidhaa ya kushika mkononi, kidonge kina sifa zake: hakimwagiki, kinakaa stoo kavu muda mrefu bila kupungua nguvu, na kinayeyuka taratibu kwa siku kadhaa bila mtu kukisimamia.

Shida ni kile kinachobaki majini baada ya klorini kwisha. Zaidi ya nusu ya uzito wa kidonge huishia kuwa asidi ya sianuriki, ile tunayoinunua peke yake kwa jina la stabilaiza. Kila kidonge kinaliongezea bwawa hili 2.3 ppm za sianuriki. Haivukizwi na jua, filta haiikamati, na klorini haiimalizi. Vidonge 20 vinaacha zaidi ya 45 ppm kwa mwezi. Ulianza na 30. Miezi miwili baadaye unakaribia 120, ukitoa kidogo kinachotoka wakati wa bekiwashi, yaani kuisafisha filta kwa kuirudishia maji kinyume.

Si kwamba sianuriki ni mbaya. Bila hiyo, jua la adhuhuri huua nusu ya klorini ndani ya saa moja. Kiwango cha 30 hadi 50 ndicho kinachotakiwa. Lakini jinsi inavyoikinga klorini ndivyo inavyoifunga mikono. Kanuni inayofanya kazi ni hii: klorini huru (ile ambayo bado haijatumika) isishuke chini ya asilimia 7.5 ya sianuriki. Sianuriki ikiwa 40, klorini ya 3 inatosha. Ikifika 120, unahitaji 9, na ile 3 unayoiona kwenye kipimo haitoshi kuzuia mwani. Hapo ndipo lile fumbo la maji ya kijani yenye klorini linapofumbuka.

Dawa yake ni kumwaga maji. Kushusha 120 hadi 40 ni kutoa theluthi mbili, lita 32,000: maboza matatu ya lita 10,000 na bado hujajaza. Gharama hiyo iongeze kwenye bei ya ndoo ya vidonge kabla hujasema ni rahisi. Na usimwage kwa mkupuo wakati wa masika, maji ya ardhini yakiwa juu. Bwawa tupu linaweza kusukumwa kutoka chini likapasuka. Toa robo, jaza, rudia.

La pili ni ukali. Maji yaliyoyeyusha kidonge yana pH ya karibu 3, na vidonge 20 hushusha alkalini (uwezo wa maji kuishikilia pH isiyumbe) kwa takriban 50 ppm kwa mwezi. Kuirudisha kunataka kama kilo 4 za bikaboneti ya soda. Tuwe waadilifu hapa: anayejaza bwawa kwa maji ya kisima yaliyopita kwenye mawe ya matumbawe, yenye alkalini nyingi na pH inayopanda kila mara, ukali huu unamsaidia na kumpunguzia asidi ya kununua. Lakini sianuriki bado inamngoja mbele.

Mahali pa kuweka vidonge napo panaharibu vingi. Watu huvitia kwenye kikapu cha skima (tundu la ukutani linalonyonya maji ya juu) kwa kuwa ni rahisi. Pampu ikizimwa usiku, au umeme ukikatika, vinaendelea kuyeyuka kwenye maji yaliyosimama. Pampu ikiwaka tena, funda zima la maji makali linapita kwenye sili za pampu na, kama unayo hita, kwenye shaba yake. Tumia kiboya (kichombo kinachoelea kikiwa na vidonge ndani), na kifunge kamba kisitulie kwenye ngazi. Kidonge kikilala sehemu moja juu ya plasta huacha duara jeupe la ukubwa wa sahani, na halisuguliki likatoka.

Klorini ya maji, yaani sodiamu haipokloraiti, huuzwa kwa nguvu ya asilimia 10 hadi 12 kwenye madumu ya lita 20. Kwa asilimia 10, gramu 120 ni lita 1.2 kwa siku, lita 36 kwa mwezi: madumu mawili, na kidogo kinabaki. Inachoacha ni chumvi, kama 120 ppm kwa mwezi, ambayo mvua na bekiwashi huipunguza kabla ulimi haujaihisi. Ukiimimina pH hupanda kidogo, kisha hurudi klorini inapotumika.

Utaratibu ni wa jioni, jua likishazama. Pampu iwe inazunguka. Mimina polepole mbele ya tundu linalorudisha maji bwawani, upande wenye kina, na acha pampu iende saa nzima. Bwawa jipya lisilo na stabilaiza lipe kwanza kilo 1.5 ndani ya soksi iliyoning'inizwa mbele ya tundu hilo. Au anza na vidonge 13 ndani ya wiki tatu hivi, ambavyo vitakufikisha 30, kisha uviache.

Udhaifu wa klorini ya maji ni umri. Hufa ndani ya dumu, na joto likipanda nyuzi 10 kasi ya kufa huongezeka mara tatu au zaidi. Dumu lililoanikwa juani mbele ya duka wiki kadhaa haliuzi kilichoandikwa kwenye lebo. Kwa hiyo lipime. Jioni, pima klorini huru kwa kipimo cha DPD, kile kinachogeuza maji kuwa ya waridi. Kile cha matone ya njano, OTO, hupima klorini yote kwa pamoja na hakifai hapa. Kipimo kikisoma 2, mimina lita 2, zungusha maji saa moja, pima tena. Asilimia 10 halisi itakufikisha karibu na 6. Ukipata 4, umeuziwa asilimia 5, na una haki ya kurudisha dumu. Mwani ukiwa umeshaingia kipimo hiki hudanganya, kwa hiyo kifanye maji yakiwa safi.

Nunua ya mwezi mmoja tu, iweke kivulini, na kifuniko kisikazwe mno. Hutoa hewa, na dumu lisilopumua huvimba. Jiki ya dukani ni kemikali ileile, ila kwa asilimia 3 na kitu utamwaga zaidi ya lita 3 kwa siku. Kwa dharura sawa, kwa mwezi mzima hapana.

Ukilinganisha bei, usilinganishe dumu na ndoo. Gawa bei kwa gramu za klorini. Dumu la lita 20 la asilimia 10 lina gramu 2,000. Ndoo ya kilo 5 ya vidonge ina 4,500. Dumu likiuzwa chini ya asilimia 44 ya bei ya ndoo, ndilo rahisi hata kabla ya kuhesabu maboza na bikaboneti.

Hili lishikwe bila mjadala: vidonge visikutane na klorini ya unga ya kalisi, ile wengi wanaiita HTH. Si kwenye ndoo moja, si kwenye kiboya kimoja, wala kwa kijiko kimoja. Zikigusana na unyevu huwaka moto au kulipuka. Asidi na klorini ya maji nazo hutoa gesi inayounguza mapafu. Zitumie kwa kupishana angalau nusu saa, pampu ikizunguka, na zihifadhiwe mbalimbali.

Ukisafiri siku 10, pandisha klorini hadi 6 kwa ya maji, kisha acha vidonge 7 kwenye viboya viwili vilivyofunguliwa nusu. Sianuriki itapanda kama 16 tu. Ukirudi, vilivyobaki viache vimalizikie humohumo. Kidonge kilicholowa kisirudishwe kwenye ndoo na kufunikwa, maana hutoa gesi, na anayekuja kufungua kesho ndiye atakayeivuta.