Jambiani: waliniambia bahari iko mlangoni

Naandika nikiwa bado na hasira, na sitaki kusubiri ipoe, maana ikipoa nitaanza kuwatetea watu wasiostahili kutetewa.

Nilimpeleka mama yangu Zanzibar kipindi cha kusi. Mama amekulia bara, magoti yanamsumbua, na ombi lake lilikuwa dogo: akae ndani ya maji ya chumvi, yamfike kiunoni, basi. Kwa hiyo nilipopiga simu hoteli moja ya Jambiani sikuuliza habari za kiyoyozi wala bwawa la kuogelea. Nilitaka kujua bahari iko umbali gani kutoka chumbani. Yule wa mapokezi, kwa sauti tamu kama asali, akasema, "Mlangoni kabisa, dada. Mama anatoka chumbani anaingia majini." Na picha zao ndivyo zinavyoonyesha, maji ya samawati yanagonga ngazi.

Tukafika mnamo saa tano asubuhi. Hakuna maji. Sisemi yalikuwa mbali kidogo, nasema hakuna! Mchanga mtupu, vidimbwi vya kulowesha kifundo cha mguu, ngalawa zimekaa chini, na huko mwisho kabisa, zaidi ya kilomita moja, mstari mweupe wa mawimbi yanayovunjikia kwenye mwamba. Mama akasimama kwenye ngazi ameshika kanga yake, akaniuliza taratibu, "Sasa bahari yenyewe ndiyo ipi?"

Nikarudi mapokezi. Kijana amekaa, kainamia simu. Nikamsalimia, nikamuuliza maji yanarudi saa ngapi.

"Yatarudi."

Saa ngapi, kaka yangu?

"Yatarudi tu, dada. Bahari si ya hoteli."

Hata macho hakuinua. Nikaomba kiti mama akae kivulini; akanionyesha kwa kidevu. Kwa kidevu, na mama mtu mzima amesimama pale anamtazama! Mtu anafanya kazi pwani, maji yanakwenda na kurudi mbele ya macho yake kila siku ya Mungu, na bado anaona tabu kumpa mgeni jibu la maana. Kama ni uchovu, aseme amechoka. Lile lilikuwa dharau.

Aliyetusaidia hata si wa hoteli. Ni mama mmoja aliyekuwa anatoka kwenye shamba la mwani, amevaa soksi na raba zilizolowa, kichwani kajitwika kiroba kinachochuruzika maji hadi mabegani. Nikamwamkia. "Marahaba mwanangu," akaitika, akatua mzigo wake mchangani na kunieleza. Leo bamvua, mwezi mpevu. Mwezi ukiwa mpevu, na tena ukiandama, maji hupwa sana na hujaa sana. Kwao kupwa kwa bamvua huangukia saa nne, saa tano asubuhi, ndiyo maana wao huingia shambani wakati huo; alasiri, kwenye saa kumi, yanakuwa yameshajaa. Kila siku saa husogea mbele, kama dakika 50 hivi. Baada ya wiki moja ni maji mafu: hayapandi sana, hayashuki sana, na kujaa kwake ni asubuhi. "Mngekuja wiki ijayo, mama angeoga kabla ya jua kali," akasema. Amesimama juani, kazi inamsubiri, na hakuna anayemlipa kuwahudumia wageni.

Basi ndugu yangu unayepanga safari, kabla hujapenda picha yoyote ya ufukwe wa Unguja, angalia mwezi. Upande wa mashariki, kuanzia Matemwe kushuka Paje na Jambiani, ardhi ya chini ya maji ni bapa hadi kwenye mwamba, kwa hiyo bahari ikiondoka inaondoka kweli. Kaskazini, Nungwi na hasa Kendwa, kina kinaanza karibu na nchi kavu na unaweza kuogelea karibu saa yoyote. Kendwa inatazama magharibi, jua linazama baharini mbele yako. Ila Nungwi jiandae na mapapasi, wale vijana wanaowaandama wageni ufukweni. Ukimkataa mmoja anakuja mwenzake. Paje ni ya watu wa upepo, wale wanaoteleza majini wakivutwa na vishada, mtu mwenye magoti mabovu simshauri. Na kokote mashariki ukitaka kutembea kwenye maji yaliyopwa, vaa viatu, kuna mawe ya matumbawe na wale viumbe wa miiba mirefu myeusi.

Hadi hapo nilikuwa nataka kumhamishia mama Kendwa siku ileile. Alasiri ikanibadilisha. Maji yalianza kwa kujaza alama za nyayo zetu mchangani, kimyakimya, kisha yakafika kwenye ngalawa, zikaanza kutikisika, na kwenye saa kumi yalikuwa yanagonga ngazi kama kwenye picha. Vuguvugu, maana yamepita juu ya mchanga uliopigwa na jua tangu asubuhi. Na yametulia, kwa sababu nguvu ya mawimbi imeishia kule mwambani. Mama akaingia na kanga yake, nimemshika mkono, hatua kwa hatua, akakaa. Akakaa humo mpaka vidole vikamkunjamana, anacheka peke yake, anajimwagia maji kichwani. Sina ufukwe mwingine ambao ningempeleka mtu mzima asiyejua kuogelea, ukimfikisha saa inayofaa. Usiku ule nilikuwa nimeshawasamehe wote, hata yule wa kidevu.

Tungeondoka hivyo, ningewaandikia mazuri. Lakini siku ya kuondoka nikamwambia mkubwa wa yule kijana wa mapokezi kwa upole: andikeni saa za kujaa na kupwa kwenye karatasi, mbandike mapokezi, jedwali za maji zipo, na majirani zenu wa mwani wanazijua kwa kichwa. Akanijibu, "Ungeuliza mapema, dada."

Niliuliza! Nilipiga simu na nikauliza swali moja tu, la bahari, na mkaniambia mlangoni. Mnajua bamvua ni lini, mnajua mgeni anafika saa ngapi, mnanyamaza ili asiahirishe.

Jambiani nitarudi, wiki ya maji mafu, na mama ameshauliza ni lini. Tutalala kwingine. Vyumba vyao visafi, chakula kizuri, na nilikuwa nimepanga kuwapa nyota mbili kwa hayo. Nikikumbuka lile jibu nimeona niziondoe zote mbili.